Zamu ya Leokadia

Leokadia Sichalwe aliletwa hospitalini asubuhi, mara tu ukungu ulipoachia ukingo wa Bonde la Rukwa na ndege ya wagonjwa ikaweza kupanda. Ndege zile hazikuwa na rubani. Zilibeba mgonjwa mmoja na msindikizaji mmoja, na zikikuta ukungu ziligoma, zikabaki chini hata kama mgonjwa alikwisha kufungwa mikanda. Mama yake, Gaudensia, alishuka ameshika viatu vya mtoto mkononi, ingawa mtoto hakuwa katika hali ya kuvaa viatu.

Daktari Atupele Mwangoka ndiye aliyekuwa zamu katika wodi ya figo. Alimkuta msichana wa miaka minne, uso umevimba hadi macho yamekuwa vijistari viwili, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukimbia. Akiitwa kwa sauti alifumbua macho. Akiachwa alirudi kusinzia.

Gaudensia alieleza yote kwa utaratibu. Homa ilimwanza mtoto kijijini kwao Ilanga, wakampeleka kwenye kibanda cha tiba, ile mashine ya serikali inayopima damu na kutoa dawa bila kuwapo mganga. Kibanda kilisema ni malaria, kikatoa dawa, kikawaambia wasubiri. Baadaye mkojo wa mtoto ukawa mweusi kama kahawa. Yeye alitaka waite ndege, lakini mume wake, Kalisto, alisema waiache dawa ifanye kazi kwanza, maana kibanda kilisema hivyo. Kisha mkojo ukakata kabisa, na walipoita ndege, ukungu ulikuwa umeshalifunga bonde.

"Tumechelewa, daktari?" aliuliza.

Atupele alimwambia amefanya vizuri kumleta. Alimjibu kila mzazi hivyo, na kwa kawaida alikuwa akimaanisha.

Vipimo vilirudi vibaya kuliko alivyotegemea. Mafigo ya mtoto yalikuwa yamezima ghafla, kama yanavyozima wakati mwingine malaria inapozipasua chembe za damu kwa wingi. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mapafu. Chumvi moja ya damu, potasiamu, ilikuwa imepanda kiasi cha kuweza kuusimamisha moyo wakati wowote. Lakini mafigo yaliyozima namna hiyo hayajafa. Mtoto akivushwa kipindi kile kibaya, mara nyingi mafigo huamka yenyewe na kufanya kazi maisha yake yote. Shida nzima ilikuwa ni kumvusha.

Na chombo cha kumvusha kilikuwapo, kwenye chumba cha pili.

*

Watu walikiita figo la kuazima. Lilikuzwa kutokana na chembe hai katika kitalu cha taifa, likaletwa hospitalini likiwa bichi, likamalizia kuiva ndani ya chupa ya maji ya uvuguvugu yenye rangi ya juisi ya ukwaju. Lilipoiva lilikuwa na ukubwa wa pera. Lilifungwa pajani kwa mtoto na kuunganishwa na mishipa yake, likaanza palepale kunyonya maji na potasiamu vilivyozidi, na baada ya siku moja au mbili za kuizoea damu, lilianza kuchuja na kutoa mkojo. Mafigo ya mtoto mwenyewe yakishaamka, lile la kuazima lilisinyaa na kutolewa. Lilikuwa na masharti mawili. Likishaonja damu ya mtoto mmoja halikuweza kupewa mwingine. Na kitalu hakikuwahi kukuza ya kutosha.

Siku hiyo wodi ilikuwa na figo moja lililoiva. Mengine kwenye rafu yalikuwa bado meupe, ya kungoja wiki nzima na zaidi.

Mtoto mwingine aliyelihitaji aliitwa Edigar, wa miaka sita, mwana wa walimu wawili wa mjini hapohapo. Alikuwa ameharisha sana, maji yakamwishia mwilini, na mafigo yakafifia. Wazazi wake walimfikisha mapema jioni ya jana yake. Alikuwa macho, ana vitone vya mkojo bado, na alimwuliza Atupele kama figo la kuazima lina jina, na kama halina, kama anaweza yeye kulipatia.

Aliyeamua nani alipate hakuwa daktari. Ilikuwa Mizani, mtambo wa mahesabu uliokaa Dodoma na kusikilizwa katika kila wodi ya figo nchini. Mizani ilisoma vipimo vya kila mtoto, ikaorodhesha vihatarishi vyake, yaani mambo yanayofahamika kumsogeza mtoto wa namna hiyo kwenye kifo: kupoteza fahamu, kushindwa kupumua, sumu ya wadudu kwenye damu, kukatika kabisa kwa mkojo, kujaa maji, kuchelewa kufika. Kisha ilitoa rangi. Kijani ilimaanisha figo litamwokoa. Kijivu ilimaanisha kuna uwezekano mkubwa kwamba mtoto atakufa nalo, na figo litakuwa limepotea.

Atupele aliijua orodha ile kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliianzisha yeye. Alipokuwa daktari kijana, kabla ya mafigo ya kuazima, alizunguka hospitali za mikoa mitatu akifuatilia watoto waliopatwa na ugonjwa huo, nani aliishi na nani alikufa, na waliokufa walikuwa na nini ambacho waliopona hawakuwa nacho. Aliwaona kwa macho yake, mmoja mmoja. Utafiti wake ulisifiwa, na ulistahili. Ulikuwa wa kwanza kuonyesha wazi kwamba watoto hao hawafi ovyo, wanakufa kwa mpangilio unaoweza kutabirika. Mafundi walipotengeneza Mizani, waliijenga juu ya kazi yake, na yeye alifurahi. Aliamini kwamba kuanzia hapo hakuna mtoto atakayepewa figo kwa sababu baba yake anamfahamu mtu.

Mizani ilimpa Edigar kijani. Leokadia ilimpa kijivu.

Atupele aliuuliza mtambo sababu, kama alivyoruhusiwa. Kwa Leokadia, kihatarishi kilichobeba uzito mkubwa kuliko vyote, kuliko hata maji kwenye mapafu, kilikuwa kuchelewa kufika kutoka mbali.

Alilitazama jibu lile kwa muda. Kuna kitu ndani yake kilichomkera, lakini hakuweza kukitaja, na hakuwa na nafasi ya kukaa kukitafuta.

Daktari alikuwa na haki ya kupinga. Angeweka kidole kwenye kioo, angeandika sababu, na figo lingekwenda anakotaka yeye. Lakini mtoto akifa na figo alilopewa kwa kupinga, hospitali ilihesabiwa kwamba imelipoteza, na kitalu kiligawa mafigo kwa kuangalia nani anapoteza. Atupele alimwendea mkuu wa kitengo, Daktari Barnabas Kasitu, mtu mpole aliyefanya naye kazi miaka mingi, akamwambia anafikiria kupinga.

Kasitu hakukasirika. Alimwuliza kama ana hakika mtoto wa bondeni atapona akipewa. Atupele alisema hana. Akamwuliza kama ana hakika yule wa mjini atapona asipopewa. Hiyo pia hakuwa nayo, ingawa alidhani ana nafasi nzuri, kwa sababu vile vitone vya mkojo vilikuwa dalili njema.

"Unadhani," Kasitu alisema. "Sasa sikiliza, dada. Ukipinga, na binti akafa nalo, mwezi ujao watatuletea machache. Watakaoyakosa hujawaona bado, lakini wapo, na wana mama zao. Mimi siwezi kukuzuia. Nakuomba tu uwahesabu na hao."

Haikuwa hoja ya mtu mbaya. Atupele alirudi wodini nayo. Alisimama kati ya vitanda viwili, akaweka kidole kwenye kioo, akakubali kijani.

*

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomtesa zaidi baadaye. Sheria ilikataza kuwaambia wazazi kwamba mtoto wao amepimwa pamoja na mwingine. Ilitungwa baada ya ndugu wa mtoto mmoja, mahali pengine, kuvamia wodi na kumng'oa mtoto wa watu figo pajani. Watoto wote wawili walikufa. Tangu hapo, mzazi aliambiwa tu kwamba mtoto wake yuko kwenye foleni.

Edigar alifungiwa figo lake. Kwa Leokadia, Atupele alifanya alichofundishwa zamani, kitu ambacho madaktari wadogo wa wodi ile walikuwa wakikisoma tu. Alimpitishia bomba jembamba tumboni, akajaza maji ya sukari na chumvi aliyoyachanganya mwenyewe, akayaacha yavute taka kutoka kwenye damu, akayatoa, akajaza mengine. Mashine za zamani za kusafisha damu zilikuwa zimeondolewa mafigo ya kuazima yalipokuja, na vichujio vyake havikutengenezwa tena popote. Kilichobaki ni mikono. Yeye na muuguzi walijaza na kumwaga, kujaza na kumwaga, na kwa muda potasiamu ilishuka kidogo, kupumua kukatulia, na Leokadia akafumbua macho akaomba maji ya kunywa. Hakuweza kupewa zaidi ya pamba iliyoloweshwa midomoni.

Gaudensia alikuwa nje, kwenye benchi lililoelekea mlango. Kila Atupele alipotoka kuchukua kitu, alisimama.

"Zamu yake imefika?"

"Bado, mama Leokadia. Subiri kidogo."

Mara ya pili alipotoka, Gaudensia aliuliza kama anaweza kuingia akae na mtoto, au atawasumbua. Chumba kilikuwa kidogo, maji yamemwagika sakafuni, mabomba yamepita kila mahali. Zaidi ya hapo, Atupele aliogopa mama yule akiingia ataona figo kwenye paja la mtoto wa kitanda cha pili, ataelewa. Alimwambia ni vizuri akae nje kwanza, ili kazi iende haraka.

"Basi nakaa," Gaudensia alisema, akakaa.

Mchana ulipogeuka, mapafu ya Leokadia yalijaa tena, na maji yaliyotoka tumboni yakaanza kuwa machache kuliko yaliyoingia. Kisha moyo ulibadilisha mwendo. Atupele alimkanda kifua kwa muda mrefu kuliko inavyoshauriwa, hadi muuguzi alipomshika mkono.

Gaudensia alipoitwa ndani, alimtazama mtoto, akamvalisha vile viatu.

*

Siku ya pili Edigar alilowesha kitanda. Alikuwa na aibu sana, akadai ni maji ya kunywa yaliyomwagika. Muuguzi alicheka kwa furaha, na mama yake Edigar alilia, akamshika Atupele mikono yote miwili akamwombea kwa Mungu.

Atupele alilipima figo la kuazima pajani pa mtoto. Maji ya kunyonya halikuyakuta, na lilikuwa bado linazoea damu, halijachuja hata tone. Mkojo wote ule ulitoka kwenye mafigo ya Edigar mwenyewe. Yalikuwa yameamka bila msaada wa mtu. Siku chache baadaye lile la kuazima lilisinyaa kama kawaida, likatolewa, na kwenye mahesabu ya Mizani ikaandikwa kwamba figo limeokoa mtoto. Kijani ilikuwa sahihi. Na ilipofika kwa Leokadia, kijivu nayo ilihesabiwa kuwa sahihi, kwa sababu mtoto alitabiriwa kufa na amekufa.

Hapo ndipo Atupele aliporudi kwenye kitu kile kilichomkera.

Hakuhitaji kufungua utafiti wake. Alikumbuka nyuso. Alikumbuka watoto waliochelewa kufika enzi zile, waliobebwa mgongoni na kwenye pikipiki na kwenye matela ya trekta. Walichelewa, ndiyo. Lakini walipofika, walikuta nini? Walikuta mashine imeharibika, au inatumiwa na mwingine, au iko mkoa wa pili na hakuna gari la kuwafikisha. Walikufa kwa kukosa matibabu, na yeye, kwa uaminifu kabisa, aliandika kwamba walichelewa, na kwamba waliochelewa hufa. Ilikuwa kweli kwa wakati ule. Mizani iliichukua kweli hiyo ikaifanya tabia ya mtoto, kama umri wake au kundi lake la damu. Tangu hapo, mtoto wa mbali alipewa kijivu, akanyimwa figo, akafa, na kifo chake kikarudi kwenye mtambo kuthibitisha kijivu kinachofuata. Hakuna aliyekuwa anajua mtoto wa bondeni angefanyaje akipewa figo, kwa sababu karibu hakuna aliyewahi kupewa.

Na kulikuwa na kosa la pili, dogo kwa sura na kubwa kwa madhara. Yeye alipima nani yuko karibu zaidi na kifo. Mafundi walisoma kana kwamba amepima nani hasaidiki. Mtoto aliye mbali na kifo anaweza kupona mwenyewe, kama Edigar. Aliye karibu nacho ndiye figo liliumbwa kwa ajili yake.

Alikwenda Dodoma kuwaeleza. Wajumbe wa baraza la Mizani walimsikiliza kwa heshima, wengine walikuwa wamesomeshwa naye. Mmoja alionyesha kwa mchoro kwamba wakikiondoa kihatarishi cha kuchelewa, usahihi wa mtambo utashuka. Atupele alimwuliza usahihi wa kutabiri nini. Kijana yule alifikiri kidogo, akasema, wa kutabiri kinachotokea. Hakuona tatizo katika jibu lake. Baraza liliamua jambo lichunguzwe, na likampa Atupele kazi ya kuongoza uchunguzi, ambao ungechukua muda.

Alirudi na kuanza kupinga. Kila mtoto aliyepewa kijivu kwa sababu ya umbali, aliweka kidole. Wengine walikufa na figo pajani, na Kasitu alikuwa sahihi, kitalu kikaanza kuwaletea machache. Wengine waliishi, zaidi ya Mizani ilivyodhani, na idadi yao ilimfurahisha na kumwumiza papo hapo, kwa sababu kila aliyeondoka akitembea alimwonyesha kilichowezekana.

*

Alishuka bondeni wakati wa mavuno ya mpunga. Hakuwa ametumwa, na sheria ya kutowaambia wazazi ilikuwa bado ipo. Alimkuta Gaudensia nyumbani kwake Ilanga, anaanika mpunga kwenye turubai uani. Alimtambua mgeni wake kwa mbali. Alimletea kiti, akamletea maji, akauliza habari za wodi, akauliza kama mtoto yule wa kitanda cha pili alipona.

Atupele alisema alipona. Kisha akamweleza. Alimwambia kulikuwa na figo moja, na watoto wawili, na mtambo ulichagua, na yeye aliweza kuukatalia mtambo na hakuukatalia. Alimwambia kwamba orodha iliyomnyima Leokadia aliianza yeye. Hakumwambia kwamba Leokadia angepona, kwa sababu hilo hakulijua, wala hangelijua kamwe. Alisema tu kwamba alistahili kujaribiwa.

Gaudensia aliendelea kusambaza mpunga kwa viganja muda wote huo. Mwisho aliacha.

"Kwa hiyo hakukuwa na foleni."

"Hakukuwa na foleni, mama."

"Uliposema bado, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Gaudensia aliinua mkono kuwafukuza kuku waliosogelea turubai, akasema bila kuinua sauti, "Mimi nilikaa pale nje nikiogopa kukohoa. Nilisema nikiingia nitawachelewesha, zamu yake itapita. Ungeniambia tu kwamba hapati, ningeingia. Ningempakata. Alikuwa hajazoea kulala peke yake."

Atupele alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kufukuzwa. Alijiandaa kuulizwa kuhusu figo. Hakujiandaa kuulizwa kuhusu mlango.

Gaudensia alirudi kusambaza mpunga. Kisha alizungumza juu ya mume wake. Alisema Kalisto hajawa mtu yuleyule tangu msiba. Pale hospitalini walipewa cheti, na kwenye sababu za kifo kulikuwa na neno kuchelewa, na Kalisto anajua kusoma. Yeye ndiye aliyesema waisubiri dawa ya kibanda. Tangu hapo haendi kwenye mikusanyiko, hasuluhishi ugomvi wa watu kama zamani, hata watoto wakubwa akiwatuma kitu anawatuma kwa sauti ya kuomba. Hajawahi kulisema, lakini mkewe anajua anachoamini, kwamba yeye ndiye aliyemwua mtoto.

"Nimemwambia sivyo," Gaudensia alisema. "Lakini mimi ni mke wake. Anadhani namwonea huruma."

Kalisto aliingia uani jua likiwa bado juu, gunia begani. Alikuwa mtu mrefu, aliyeinama zaidi kidogo kuliko uzito wa gunia ulivyodai. Alilishusha, akapangusa mikono, akamsalimu mgeni kwa adabu, kisha akamtazama mkewe kuuliza ni nani.

"Ni daktari wa Leokadia," Gaudensia alisema. "Kaa chini, baba Leokadia. Ana maneno."

Kalisto hakukaa. Uso wake ulibadilika kama wa mtu anayeitwa mbele ya hakimu. Alianza kusema, kabla hajaulizwa, kwamba wao walifuata maelekezo ya kibanda, na kwamba ukungu siku ile ulikuwa mzito, lakini anajua, anajua, wangeweza kuita ndege mapema.

Atupele alimwangalia Gaudensia, akitumaini kwamba atamsaidia. Gaudensia alitikisa kichwa.

"Mwambie wewe," alisema. "Yote, kama ulivyoniambia mimi."

Atupele aliinuka, akampa Kalisto kiti alichokuwa amekalia yeye. Kalisto alikikalia ukingoni, mikono juu ya magoti. Atupele alichuchumaa mbele yake, pembeni ya turubai la mpunga, akaanza upya.